Unapandisha gari la Dar kwenda baridi ya Njombe na Makete? Tuongee kuwasha injini alfajiri na kuiacha silensa (inanguruma gari limesimama)

#1 DerevaTegeta (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kipupwe ndiyo hiki. Hapa Dar tumeanza kutafuta mablanketi, ingawa alfajiri yetu ya mwezi wa saba ni nyuzi 18 au 19 na injini hata haijui kama kuna baridi. Uzi huu ni wa wale wanaopandisha: Mafinga, Makambako, Njombe, Makete, Mbeya. Huko Juni na Julai alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 5, na upande wa Kitulo kuna asubuhi majani yanaamka meupe, umande umeganda.

Kila msimu naona jambo lile lile. Gari limetoka Dar likiwa zima, limepanda Kitonga vizuri, limelala Njombe, asubuhi stata inazunguka kwa kujivuta mara mbili halafu kimya. Mwenye gari analaumu baridi. Mimi naomba tuangalie tulichokifanyia gari hilo huku Dar kwa miaka miwili mitatu iliyopita, maana baridi inakuja kukuta kazi ilishafanyika.

Chukua betri. Joto ndilo linaloila: sahani za ndani zinaoza haraka na maji yake yanakauka. Lakini ukiwa Dar hujui, kwa sababu injini iliyolala kwenye joto ni nyepesi kuzungusha, hata betri iliyochoka inaiweza. Ukifika kwenye baridi inayokaribia sifuri, hata betri nzima hupungukiwa karibu theluthi ya nguvu zake, na papo hapo oili imekuwa nzito, stata inadai umeme mwingi zaidi. Betri iliyochoka inaishia hapo. Kwa hiyo kabla ya safari nenda kwa fundi umeme gari likiwa limelala usiku mzima, apime kabla hujawasha. Volti 12.6 betri imejaa, 12.4 kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Kisha awashe, apime tena: altaneta, ile inayochaji betri, inatakiwa itoe kati ya 13.5 na 14.7. Akague na vichwa vya betri, ule unga mweupe au wa kijani usafishwe, nati zikazwe. Kwa wengi kazi inaishia kwenye vichwa tu, wala hawahitaji betri mpya.

Sasa kuwasha. Kabla ya kugusa stata zima kila kinachokula umeme: taa, redio, feni ya AC, chaja ya simu. Fungua swichi bila kupiga stata, subiri sekunde mbili tatu pampu ya mafuta ijaze presha kwenye mfumo. Kama gari ni manyuo kanyaga klachi mpaka chini, ili stata isihangaike kuzungusha na gia zilizolala kwenye oili nzito. Piga stata, isizidi sekunde 10. Isipowaka achia, ngoja dakika nzima, ndipo urudie. Kung'ang'ania stata mfululizo kunaiunguza na kunamaliza betri kwa pamoja. Na kama gari lako ni la sindano za mafuta, yaani karibu yote tunayoagiza Japani, usikanyage mafuta wakati wa kuwasha. Kompyuta ina kipima joto chake, inajua yenyewe iongeze petroli kiasi gani.

Ikiwaka utaona mshale wa mizunguko umeruka hadi 1,200 au 1,500, halafu unashuka polepole. Ndivyo inavyotakiwa. Usipige resi hata kidogo. Sekunde hizo oili ndiyo inapanda kwenda juu, na ukikanyaga unasaga vyuma vikavu. Mwenye turbo ndiyo awe mpole zaidi.

Ngoja nusu dakika mpaka dakika moja, ondoka. Endesha taratibu, mizunguko isipite 2,500, mpaka mshale wa joto uanze kupanda au taa ya bluu izimike. Injini inapata joto haraka ikiwa kazini kuliko ikiwa imesimama.

Nina jambo jingine zito la kusema kuhusu kuacha injini inanguruma, nitalileta chini. Karibuni.

#2 KijanaMbagala

Shikamoo mkuu. Nimelelewa na mzee aliyekuwa dereva wa malori, yeye asubuhi alikuwa anawasha gari anaingia ndani kunywa chai, akitoka ndiyo anaondoka. Dakika 15 hivi. Alikuwa anasema injini isipopata moto itakufa mapema. Alikosea?

#3 DerevaTegeta

Marahaba kijana. Mzee hakukosea kwa gari lake. Enzi za kabureta, injini ya baridi ilikuwa haipati mchanganyiko mzuri wa hewa na petroli. Ulikuwa unavuta choki, unaisubiri itulie, la sivyo inakuzimikia barabarani. Hata leo bodaboda nyingi zina choki na mtu wa Njombe anaitumia kila asubuhi.

Gari la sindano halina shida hiyo, na dakika 15 linaumia. Injini ya baridi inapewa petroli ya ziada. Ikisimama silensa muda mrefu bila kupata joto, ile petroli isiyoungua yote inaosha oili kwenye kuta za silinda na nyingine inachuruzika chini kwenye sampu (bakuli la oili), inachanganyika na oili ya injini. Plagi zinashika masizi. Juu ya hapo, injini ya cc 2000 ikiwa silensa inakunywa zaidi ya nusu lita kwa saa na hujasogea hata hatua moja. Na gia, beringi, shokapu, vyote bado vimelala, maana silensa inapasha injini peke yake.

Malori makubwa ya dizeli ni habari nyingine kidogo, yana tangi la hewa ya breki linalohitaji kujaa kabla ya kuondoka. Pengine mzee alikuwa anasubiri na hilo.

#4 FundiGerezani

Mleta uzi umesema vizuri ila umeruka mahali penye ugonjwa mkubwa wa magari ya Dar. Rejeta.

Wakuu, nafungua magari kila siku hapa Gerezani. Nusu ya yanayoingia na tatizo la joto nakuta maji ya bomba, mengine maji ya kisima yenye chumvi. Ndani kutu tupu, kama uji wa ulezi. Na themostati haipo. Mtu gari lilichemka kwenye foleni ya Mandela, akaenda kwa fundi wa karibu, akaambiwa "themostati ya nini, hii ni kwa ajili ya Ulaya", ikatolewa, pakafungwa, akaondoka anashukuru.

Naomba niseme kwa herufi kubwa moyoni: themostati SI ya Ulaya. Ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Ikifika karibu nyuzi 82 kwa Toyota nyingi, mlango unaanza kufunguka, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Ukiutoa, maji yanapita rejeta muda wote. Dar na foleni zake hutaona tofauti kubwa, ila mafuta yatapanda kidogo kidogo na wewe utalaumu bei ya petroli. Peleka gari hilo Njombe: mshale wa joto haupandi, unaendesha kilomita na kilomita injini bado baridi, kompyuta inadhani ndiyo umewasha sasa hivi, inamwaga petroli ya ziada. Oili haipati moto wa kukausha unyevu, unafungua kifuniko unakuta utando mweupe kama maziwa. Hapo wengine wanatishwa kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa, wanaingia gharama bure.

Kama gari linachemka, kuna sababu: feni, pampu ya maji, rejeta imeziba, kifuniko cha rejeta kimechoka. Itafutwe hiyo.

Na maji matupu. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na hayana huruma na chuma. Kwa baridi zetu si kila usiku, lakini gari likilala nje Makete usiku wa kuganda, maji ndani ya rejeta hayana kinga yoyote. Kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi haigandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Faida yake nyingine kwetu ni mlimani: Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yasiyo na presha yanachemka nyuzi 93 hivi, wakati Dar ni 100. Ukipanda na maji matupu na kifuniko kilichochoka, utachemsha kwenye baridi na hutaelewa kwa nini.

Osheni mfumo kabla ya kujaza kulanti. Kuimwaga juu ya kutu ni kupoteza hela.

#5 MamaWawili

Habari zenu kaka zangu. Nashukuru kwa elimu. Tunakwenda Makete ukweni na mtoto wa miezi saba, gari ni Noah. Nilikuwa nauliza: alfajiri tukijiandaa kuondoka, mume wangu huwa anawasha gari hapo hapo kwenye banda, anawasha hita, ananiambia niingie na mtoto tukae ndani kwenye joto wakati yeye anapakia mizigo. Banda lina paa na kuta tatu, mbele kuna turubai. Kuna shida?

#6 DerevaTegeta

Dada yangu, hilo ndilo nililosema nitalileta. Shida ipo, na ni kubwa. Msifanye hivyo tena.

Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine, na mara nyingi asubuhi ya baridi unaona mvuke mweupe tu unadhani ni usafi. Na wakati gesi hii inatoka kwa wingi zaidi ni dakika za kwanza baada ya kuwasha injini ya baridi, kwa sababu petroli ni ya ziada na masega ya kwenye ekzosi (yanayosafisha moshi) bado hayajapata moto wa kufanya kazi. Sasa fikiria magari mangapi hapa mjini masega yameshang'olewa yakauzwa. Hayo yanatoa gesi hiyo hata yakiwa ya moto.

Banda lenye kuta tatu na turubai ni chumba. Hata mlango ukiwa wazi, moshi unaweza kubaki mle na kuingia kwenye gari kupitia feni ya hita. Mfanye hivi: gari litolewe nje kabisa mara tu linapowaka, lipewe kichwa kwenye upepo, mizigo ipakiwe, mama na mtoto wabaki ndani ya nyumba mpaka mwisho.

Na kitu ambacho sisi wa Dar tunakifanya bila baridi yoyote: mtu ametoka kwenye sherehe amechoka, anapaki, anapandisha vioo, anaacha injini silensa ili AC ifanye kazi, analala. Wengine wanalala hivyo kwenye gereji ya nyumbani, geti limefungwa. Ekzosi ikiwa na tundu chini ya kiti, au gari likiwa limeegeshwa kisogo kwenye ukuta, moshi unarudi ndani. Aliyelala hasikii dalili. Naomba kila anayesoma hapa amwambie ndugu yake mmoja anayelala kwenye gari kwa mtindo huo.

#7 MuuguziTemeke

Naongezea upande wa hospitali kwa sababu wengi wanachelewa.

Gesi hii ikiingia kwenye damu inashikamana na himoglobini, mahali ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo unapumua kabisa lakini mwili unakosa hewa. Dalili zinaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu, usingizi. Mtu anadhani ni malaria au uchovu wa safari. Kama watu wawili watatu ndani ya gari moja wanaumwa kichwa pamoja, na mkishuka mnajisikia nafuu, msiendelee na safari. Gari lina moshi ndani.

Ukimkuta mtu amelegea kwenye gari linalonguruma, fungua milango, zima injini, mtoe nje kwenye hewa, lakini usiingie kwenye gereji iliyojaa moshi ukakaa humo, utaanguka na wewe. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka, anahitaji oksijeni na uangalizi. Na mweleze daktari wazi kwamba alikuwa kwenye moshi wa gari. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni hakitofautishi hii gesi na oksijeni, kinaweza kusoma namba nzuri wakati mgonjwa yuko hatarini. Kipimo sahihi ni cha damu.

Watoto wachanga na wajawazito wanaumia haraka zaidi. Dada MamaWawili, tafadhali zingatia ulichoambiwa. Na ukweni huko wakiwaingizia jiko la mkaa chumbani mlale kwenye joto, ni gesi ile ile. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Mtoto avalishwe nguo nyingi.

#8 MamaWawili

Nimemsomea mume wangu yote. Amenyamaza, halafu amesema gari litakuwa linalala nje ya banda. Asante sana dada muuguzi. Swali dogo: hita ya Noah yetu inapuliza hewa ya baridi tu, mwaka jana tulidhani ndivyo ilivyo.

#9 FundiGerezani

Shemeji, hita inachota joto kwenye maji ya injini. Ikipuliza baridi hata baada ya kuendesha muda, kuna mambo matatu: maji yamepungua, bomba za hita zimeziba kutu au fundi alizifunga, au themostati haipo. Nakwambia bila kuliona, anza na themostati.

Ikishapona, jueni pia matumizi ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele: washeni hita NA kitufe cha AC pamoja, hewa iingie kutoka nje isizungushwe ndani. AC inakausha unyevu, hita inapasha kioo.

#10 KanteMakambako

Wenye dizeli tusisahaulike. Nabeba mzigo wa viazi Kanta, Dar na Makambako ndiyo njia yangu.

Dizeli nyingi za zamani zina hita plagi, zinazopasha silinda kabla ya kuwasha. Ukifungua swichi ile taa ya njano yenye alama ya koili inawaka, ISUBIRI izimike ndipo upige stata. Kukiwa na baridi sana fungua, subiri izime, funga, fungua tena, mara mbili. Vijana wa Dar wanazungusha funguo moja kwa moja mpaka stata, na Dar inakubali kwa sababu kuna joto. Hita plagi zinakufa moja baada ya nyingine na hawajui mpaka wafike Mafinga alfajiri, gari linatoa moshi mweupe na kutetema linapiga kwa silinda mbili. Fundi anazipima kwa dakika chache tu.

Usikubali mtu apulize zile dawa za kuwashia kwenye bomba la hewa la injini yenye hita plagi. Inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

#11 MkingaKariakoo

Mimi Makete ndiyo kwetu, duka liko Kariakoo. Nimefurahi kuona uzi wa maana. Machache ya nyumbani:

Kioo kikiwa na barafu asubuhi usimwagie maji ya moto. Kioo kinapasuka, nimeona. Funika kioo jioni kwa gunia au boksi lililofunguliwa, asubuhi unalivuta na barafu yake.

Egesha gari pua ikitazama mashariki, upande usiopigwa na upepo. Jua la saa moja na nusu linasaidia sana.

Juni mpaka Septemba majani ni makavu. Usiegeshe na kuacha injini inanguruma juu ya nyasi ndefu, masega yanakuwa na moto wa kuwasha nyasi. Huku kuna misitu ya watu ya miaka 20, ikiungua ni ada za watoto zimeungua.

Na usiliache gari linanguruma barabarani halina mtu, hata kijijini. Watoto wanapanda. Vuta handibreki, zima, chukua funguo.

#12 KijanaMbagala

Wakuu, oili je? Mimi naweka 20W-50 kwenye IST, fundi anasema gari likishatembea sana oili nyepesi inaungua.

#13 FundiGerezani

Soma kitabu cha gari au kifuniko cha oili. Hizi injini ndogo za Toyota nyingi zimeandikiwa 5W-30 au nyepesi zaidi. Namba ya mbele ndogo maana yake oili inabaki nyepesi injini ikiwa baridi, inapanda juu haraka. Ukiwa na 20W-50 kwenye nyuzi 3 itawaka, sikudanganyi, lakini stata itaivuta kwa shida na vyuma vya juu vitasubiri oili. Kama injini inakula oili, tatizo ni ringi au sili za valvu; oili nzito inaficha tu.

#14 KijanaMbagala

Nimeelewa fundi. Na betri ikigoma kabisa huko, kusukuma?

#15 DerevaTegeta

IST yako ni otomatiki, haiwaki kwa kusukumwa. Beba waya za kubusti, nene, zile nyembamba zinaungua.

Magari yote mawili yazimwe. Waya mwekundu: kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi: hasi ya betri nzima, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri inatoa gesi inayolipuka, cheche ya mwisho isitokee juu yake. Washa gari zima, liache dakika tano, jaribu lililokufa. Likiwaka toa waya kwa kurudi nyuma, ulioufunga mwisho uanze.

Likiwaka usilizime mpaka umetembea angalau nusu saa, na silensa haijazi betri kama mwendo. Ukifika Makambako pitia fundi umeme, upime kabla hujaendelea.